UPS ya onlaini kwa ajili ya kanda za bibi: miezi minane nayo Nkuhungu, Dodoma

Kanda yenyewe ni ya mwaka 1987. Bibi mzaa mama anaanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", watu wanaitikia, kisha ilimba ya mjomba wake, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, inaingia taratibu. Ukisikiliza nakala niliyoihifadhi kwenye kompyuta, dakika ya kumi na moja, katikati ya sauti yake, kuna mlio mkavu: tak! Mlio huo haumo kwenye kanda. Uliingia jioni ile nilipokuwa nahamisha, umeme ukacheza, na UPS niliyokuwa nayo wakati huo, yaani kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ikarukia betri. Nikarudisha kanda nyuma nirekodi upya, na hapo utepe ukanaswa na rola ya deki. Nilipoutoa ulikuwa umejikunja kama mita moja na nusu. Kanda ya kaseti hutembea chini ya sentimita tano kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kanda zimepotea sekunde kama thelathini za sauti ya bibi, na hakuna nakala nyingine popote ila hiyo yenye mlio.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuuliza maswali ya kweli kuhusu UPS. Kabla yake nilikuwa nimenunua kwa maneno ya muuzaji.

Ile ya kwanza niliichukua kwenye duka moja karibu na Jamatini, VA 650 (VA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), shilingi 165,000. Kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hii inasafisha umeme wote, redio yako italia kama mpya." Haikusafisha kitu. UPS za bei hiyo hupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo hadi kwenye chombo chako. Umeme ukikatika au ukishuka mno, swichi ndogo ndani inagonga na mzigo unahamia kwenye betri. Uhamisho huo huchukua milisekunde chache, kwa kawaida kati ya 4 na 10. Kompyuta haishtuki, ila sikio linasikia, na kinasa sauti kinasikia zaidi. Tena umeme inaoutengeneza kutoka kwenye betri unapanda na kushuka kwa ngazi, badala ya wimbi laini. Kila ilipokuwa kwenye betri, transfoma ya amplifaya yangu ilinguruma hadi unausikia mngurumo ukiwa umesimama mlangoni.

Ya pili, ambayo ndiyo ninayoisifu hapa, ni ya aina ya onlaini, VA 1000. Niliagiza Dar, ikaja na basi, nikalipa shilingi 950,000. Hiyo ni pesa nyingi na ilinichukua miezi mitano kuidunduliza. Ndani yake umeme wa ukutani unageuzwa kwanza kuwa wa moja kwa moja, kama wa betri, kisha unatengenezwa upya kuwa wimbi laini la volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Betri inakaa katikati ya njia muda wote, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna swichi ya kugonga.

Niwaeleze mtaa wangu. Nyumba yangu iko karibu na mwisho wa laini. Nyuma yangu kuna mashine ya kusaga, na nyumba ya tatu kuna kijana anachomelea mageti. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lile lenye uwezo wa megawati 2,115, habari za mgao zimepungua na tunashukuru. Lakini umeme ukijaa kwenye gridi, bado una safari ya kufika kwangu kupitia transfoma inayobeba mtaa mzima na waya mrefu. Jumamosi moja nilichomeka multimita ukutani nikaandika kwenye daftari: saa tatu asubuhi volti 226, saa kumi jioni 183, mashine ya kusaga ilipowashwa 168, saa sita usiku 241. Siku hiyo hiyo upande wa kutokea wa UPS nilisoma 230, 230, 229, 230. Ilipofika 168 haikugusa hata betri, maana mzigo wangu ni mdogo: deki, kompyuta na amplifaya kwa pamoja ni kama wati 100.

Tangu Machi nimehamisha kanda ishirini na sita. Sijapata ule mlio hata mara moja. Umeme umekatika mara mbili katikati ya kazi na nilijua tu kwa sababu taa ya sebuleni ilizimika. Deki iliendelea kuzunguka. Betri zikiwa zimejaa zinanipa saa moja na dakika kama kumi, na upande mmoja wa kanda ya dakika 90 ni dakika 45. Naumaliza upande mzima bila hofu. Kwa kazi hii peke yake, mashine imelipa gharama yake.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza: je, muziki unalia vizuri zaidi? Nilimpa mwanangu kazi. Saa tano usiku, umeme ukiwa umetulia, alikuwa anahamisha plagi ya amplifaya kati ya ukuta na UPS nami nimegeukia ukuta wa pili, halafu ananiuliza, "Mama, sasa ni ipi?" Mara kumi nilipatia sita, na hizo unaweza kuzipata hata kwa kurusha shilingi. Sababu ipo ndani ya amplifaya yenyewe. Ina transfoma yake, ina daiodi, ina kapasita kubwa kama makopo, na kazi ya vyote hivyo ni kuugeuza umeme wa ukutani na kuutuliza kabla haujaifikia sauti. Umeme ukiwa mzima, UPS haiongezi utamu. Anayekuuzia kwa ahadi ya utamu anakuuzia asichoweza kukupa.

Kilichoniuma zaidi ni ule mvumo. Spika zangu zilikuwa na "mmmmm" ya chini isiyokoma, hata sauti ikiwa sifuri. Niliamini ni umeme mchafu. Niliifunga UPS ya laki tisa na nusu, nikawasha, na "mmmmm" ikawa pale pale, vile vile. Usiku ule nililala vibaya.

Fundi umeme aliyekuja ni kijana wa Chang'ombe, mpole, ana begi dogo la zana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, sikiliza mwenyewe."

Hakuigusa UPS. Alipeleka mgongo wa kidole juu ya ganda la chuma la amplifaya, akakipitisha polepole, kisha akaniambia nami nifanye. Chuma kilikuwa kinatetemeka chini ya ngozi, kama kimepakwa mchanga laini unaotembea. Alipokigusa kwa vidole vikiwa vimetulia hakikuwa na kitu. Ukikipitisha, kinatetemeka tena. Akapima kwenye soketi kati ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, na ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja: volti 80 na kidogo. "Mama, hapa huna ethi," akasema. Tukatoka nje. Nguzo ya ethi ilikuwepo, ila klampu yake ilikuwa imeliwa na kutu na waya umelala pembeni, umefunikwa na vumbi.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilipaswa kuambiwa dukani: waya wa ethi hupita ndani ya UPS moja kwa moja, unaingia huku na kutokea kule bila kuguswa. Ethi ikiwa mbovu ukutani, ni mbovu pia nyuma ya UPS, hata iwe ya bei gani. Chaja ya kompyuta ilikuwa inavujisha umeme kidogo, na kwa kuwa haukuwa na njia ya kwenda ardhini ulikuwa unapita kwenye waya wa sauti na kuingia kwenye amplifaya.

Na ardhi yetu ya Dodoma mnaijua. Kuanzia Mei hadi mvua za Desemba inakauka hadi chini, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi alichimba upya karibu na linapomwagika bomba la kunawia, akapigilia nguzo mpya ya shaba, akazungushia mkaa na chumvi, akaniambia nimwage ndoo ya maji kila Jumamosi kiangazi chote. Alipopima tena ilisoma volti moja na nukta. Vifaa na kazi, shilingi 60,000. Mvumo ukaisha wote.

Jioni hiyo niliweka kanda ya bibi. Ilimba, kwa wasioijua, huwa na tundu kwenye sanduku lake lililozibwa na utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa ule mtetemo mwembamba wa "zzz" nyuma ya kila noti. Wazee huuweka makusudi. Miaka yote nilikuwa nausikia nikidhani ni kelele za spika zangu, kwa sababu ulikuwa umezama ndani ya kelele nyingine. Sasa ulisikika peke yake, unakuja na noti na kuondoka nayo. Nilimwita mwanangu aje asikie mkono wa mjomba wa bibi.

Kasoro za mashine ninazo pia. Feni yake haizimi, na chumba kikiwa kimya inasikika kuliko ile "shhh" ya kanda. Ilibidi niihamishie koridoni na fundi avute waya mnene hadi sebuleni. Matundu yake ya kutokea ni yale ya nyuma ya kompyuta, hayapokei plagi yetu ya miguu mitatu, kwa hiyo hesabu na gharama ya viunganishi. Inakula umeme hata bila kazi. Yangu ni kama wati 50, maana yake uniti 1.2 kwa siku kwenye LUKU ukiiacha, nami naizima kila nikimaliza. Amplifaya ya zamani ya jirani yangu, yenye transfoma kubwa ya duara, iliifanya ipige kelele ya mzigo kuzidi pale tu ilipowashwa, ingawa ikishawaka haitumii hata nusu ya uwezo. Ile ya kwangu ndogo haina shida hiyo.

Na vumbi. Julai na Agosti, upepo ulipokuwa unavuma kutwa, feni ilivuta vumbi jekundu hadi matundu ya pembeni yakaziba. Naipuliza kila mwezi ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Joto lina deni lake pia: betri za risasi za ndani hupenda nyuzi joto 25, na inasemekana kila nyuzi 10 zikizidi, maisha yake hukatika karibu nusu. Oktoba koridoni kwangu ilisoma 33.

Mwenye redio ya kusikilizia taarifa ya habari, asihangaike na hii. Mwenye volti zinazocheza na kinasa chenye kitu kisichorudiwa, aanze na fundi wa ethi, kisha aifikirie. Ninayo makaseti kumi na manne yaliyobaki, mengi ya Mvumi, na nataka niyamalize kabla radi hazijaanza, maana zikianza nachomoa kila kitu ukutani, UPS ikiwemo.