Kisanduku cha kuoteshea kaktasi kwa mbegu: miezi mitano baadaye

Habari zenu jamani, karibuni. Leo niko na hiki kisanduku mnachoniuliza kila siku, cha kuoteshea kaktasi kwa mbegu. Nilikinunua mwezi wa tatu hapa Dar kwa shilingi 28,000, na sikutaka kukisemea neno mpaka miche iote miiba. Miiba imeota, tuongee.

Ndani unakuta trei ya plastiki yenye vishimo 12, mfuniko unaopitisha mwanga, vidonge 12 vya mboji iliyokandamizwa na kipakiti cha mbegu. Kipakiti kimeandikwa mbegu 100, aina mchanganyiko. Nilizimwaga kwenye sahani nyeupe nikazihesabu moja moja: 92.

Kilichonifurahisha ni mfuniko. Mbegu nyingi za kaktasi ni ndogo sana, na hazifukiwi. Unazinyunyiza juu ya udongo basi, maana zinataka mwanga, unyevu usiokatika na joto la nyuzi 20 hadi 30. Joto hilo Dar tunalo bure. Kinachotutesa ni unyevu: feni ikipuliza saa moja tu, uso wa udongo umeshakauka. Mfuniko huu unabana vizuri, nilikaa siku 9 bila kuongeza maji, na ndani bado matone yalikuwa yanatiririka.

Vidonge sasa. Kikiwa kikavu ni kigumu kama biskuti, ukikitia maji kinafura. Kwa nyanya au pilipili hoho vinafaa sana. Kwa kaktasi hapana. Vinashika maji muda mrefu mno, wiki ya tatu uso wote ukawa kijani, kisha kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, kikaingia. Mche jana ulikuwa umesimama, leo shina limelegea pale chini kama limechemshwa, kesho haupo. Na ukiviacha vikauke, vinasinyaa na kuvuta vimizizi mpaka vinakatika.

Kati ya mbegu 92 zilichipua 41. Leo iko hai miche 19.

Nililaumu vidonge kwa muda mrefu, lakini kosa kubwa zaidi ni huo mchanganyiko wa mbegu. Nisikilizeni vizuri hapa. Kuna aina zinachipua siku ya tatu, nyingine siku ya ishirini. Zile za mwanzo zikishatoa miiba zinaanza kuhitaji hewa, kwa hiyo ufunue mfuniko kidogo kidogo. Lakini ukifunua, zile za nyuma ambazo ndiyo kwanza zinapasuka zinakauka. Ukiacha umefunika, za mwanzo zinaoza. Trei moja, mfuniko mmoja, mahitaji mawili. Hata uwe fundi namna gani, upande mmoja utaupoteza.

Ndiyo maana nikafanya jaribio la pili. Kuna mama mmoja Arusha ana kaktasi kubwa zinazozaa, akaniuzia mbegu 20 za aina moja, Astrophytum myriostigma, asili yake Meksiko. Nilitumia trei hii hii na mfuniko huu huu, vidonge nikaviweka kando. Udongo wangu ni nusu mchanga wa mto, nusu mawe mepesi ya volkano niliyoyaponda, na kiganja kimoja cha mboji, vyote nimevipitisha kwenye chekeche. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Nikamwagia maji yanayochemka kuua kuvu, nikaacha upoe kabisa ndipo nikaatika. Maji yanapandia chini: unaweka trei kwenye beseni, uso ukilowa unaitoa. Zilichipua 17, na zote 17 zipo.

Ngoja nisogeze kamera. Mnauona huu? Hauzidi punje ya njegere. Hapo juu katikati kuna vimiiba, ukigusa ni laini kama manyoya ya kifaranga. Na hivi vidoa vyeupe vinavyoanza kutokea kwenye ngozi ndiyo alama ya aina hii, ukikua utapakwa weupe mwili mzima. Huu wa pembeni umeingia wekundu, jua lilimpata. Miche inataka mwanga mwingi uliochujwa, mimi naiweka nyuma ya pazia jeupe dirisha la asubuhi. Ukiona inarefuka na kukonda, hapo mwanga hautoshi.

Kuhusu picha za kwenye boksi, hizi kaktasi za bluu na waridi: hazimo, na hazitaota. Zile zenye kichwa chekundu au cha njano mnazoziona madukani zimepandikizwa juu ya shina la kaktasi nyingine, kwa sababu kile kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula. Muuzaji alijua au hakujua, mnunuzi anadanganywa.

Na kwenye ile miche 19 kuna miwili yenye majani mawili mapana ya mwanzo, nadhani ni mpungate, ile kaktasi ya mashina bapa. Hii nitaiacha kwenye kopo, siipandi nje. Kule Laikipia, Kenya, mpungate umevamia malisho, tembo na mifugo wanakula matunda na kusambaza mbegu, na vile vimiiba vinaumiza midomo na matumbo ya mbuzi. Kipakiti kisichotaja majina kinaweza kukuletea janga shambani. Na ukiagiza mbegu nje ya nchi, fuata kibali kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Bado nawasihi muoteshe kwa mbegu. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000 zilizong'olewa jangwani Atacama, Chile, nyingine zikiwa na umri mkubwa sana. Inaniuma. Mche ulioatikwa kwenye trei haukung'olewa popote.

Kwa hiyo kisanduku nakipa tano kwa kumi. Trei na mfuniko ni vizuri, ila kopo la chakula lenye mfuniko wa plastiki linafanya kazi ile ile. Hiyo 28,000 kanunulie mbegu za aina moja zenye jina, kwa mtu unayeweza kuiona mimea yake mama.

Hawa 17 leo jioni naanza kuwafunulia kwa muda wa saa mbili. Wiki ijayo muda wa saa nne, na nitawaonyesha.