Kifurushi cha kuruta kutoka Mtaa wa Kongo: kilichorudi ndani ya tranka

Binti yangu alirudi kutoka kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga mwanzoni mwa Septemba, na baada ya salamu, na baada ya mama yake kumgeuza huku na huku kuona alivyokonda, nilimwomba anifungulie tranka lake pale barazani. Nilikuwa na sababu yangu. Mwishoni mwa Mei nililipa shilingi 145,000 katika duka moja la Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwa kile ambacho muuzaji alikiita kifurushi kamili cha kuruta, yaani cha kijana anayeanza mafunzo ya jeshi, na niliona ni haki kusubiri mafunzo yaishe ndipo nikitolee hukumu, kwa kuwa nguo ya kambini haipimwi mbele ya kioo cha dukani.

Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita anaujua mwendo wenyewe. Mitihani ya Mei ikiisha, makao makuu ya JKT hutangaza majina, kambi na vifaa ambavyo kijana anatakiwa kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Siku zinazobaki kabla ya kuripoti huwa chache, na wenye maduka wanazihesabu vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana kifurushi kinauzika: mzazi anatoka kazini saa kumi, hana muda wa kuzunguka maduka sita akitafuta shuka za rangi moja, na hapo anawekewa mezani mfuko wa plastiki ambao ndani yake kila kitu kimekunjwa.

Nililipa huku nikinung'unika kidogo, na nakiri kwamba manung'uniko hayo yalitokana na umri. Mimi nilikuwa kuruta katika kambi ya Ruvu mwaka 1988, wakati kila aliyemaliza kidato cha sita aliingia jeshini kwa mwaka mzima, apende asipende, na sikumbuki baba yangu kununua chochote zaidi ya sabuni na dawa ya meno. Kambi ilitupa magwanda, buti na blanketi. Sisemi kwamba mambo yalikuwa bure. Sheria ya kuwalazimisha wasomi kuingia JKT ilipopitishwa mwaka 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam mwezi Oktoba, na mojawapo ya mambo yaliyowakera ni kwamba katika muda wa utumishi wangekatwa asilimia 60 ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wapatao 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, kisha ukarudi mwaka 2013 ukiwa mfupi, wa miezi mitatu. Kwa hiyo zamani serikali ilikuvisha kisha ikakukata, na siku hizi haikukati, ila sehemu ya kukuvisha imehamia mfukoni mwa baba yako. Duka linalouza kifurushi hiki limeshika nafasi ambayo zamani ilikuwa ya stoo ya kambi, na mimi nalipima kwa kipimo hicho.

Nianze na shuka, kwa sababu ndizo zilizonifurahisha. Ni za pamba nzito, pindo zake zimeshonwa mistari miwili, na baada ya miezi mitatu ya kufuliwa kwenye ndoo na kutandikwa kila alfajiri kwa ukaguzi, zimepauka kidogo tu. Binti anasema afande wa hanga lao, yaani bweni la kambini, alikuwa akipita na kuvuta kona ya kila shuka kuona kama imenyooka, na za kwake hazikuwahi kuchanika. Soksi nazo hazina neno. Moja imetoboka kisigino, jambo ambalo ni la kawaida kwa mtu aliyekimbia mchakamchaka siku zote hizo.

Bukta ni habari nyingine. Nilizigeuza nje-ndani nikiwa pale barazani: mshono ni mstari mmoja, haukupigwa ovaloki ya kuzuia kingo zisifumuke, na mpira wa kiunoni ni ule mwembamba wa kushonea nguo za watoto. Katika ufuaji wa tatu mpira ulilegea, na kuanzia hapo binti alipitisha kamba ya kiatu kiunoni ili aweze kukimbia bila kushika bukta kwa mkono. Fulana ya kijani ilichuja rangi wiki ya kwanza ikiwa kwenye ndoo moja na nguo za mwenzake, na shuka ya mwenzake ikabaki na madoa ambayo binti yangu alilazimika kuyaombea radhi kwa kumfulia wiki nzima. Nilicheka aliponisimulia. Yeye hakucheka.

Lakini kilichoniudhi hasa ni raba. Dukani zilipendeza, nyepesi, za kijani, na soli nene nyeupe. Soli hiyo ilikuwa imegandishwa kwa gundi peke yake, wala haikushonwa mahali popote, na mtu yeyote aliyewahi kuamshwa kabla ya jua kutoka kukimbia barabara ya vumbi, kisha akapelekwa fatiki, yaani kazi za mikono za kambi, kulima na viatu vilevile vikiwa vimelowa umande, angejua kwamba gundi hiyo haimalizi mwezi. Haikumaliza. Siku ya kumi na sita soli ya kulia iliachia kuanzia vidoleni, ikawa inapigapiga chini kama kandambili. Kijana mmoja wa kombania yao, yaani kikosi chao cha mafunzo, mtoto wa fundi viatu, alimshonea kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia, mishono mirefu inayoonekana kwa nje, na ninaposema kwamba mishono hiyo ndiyo sehemu imara kuliko zote katika raba zile simtanii mtu. Nimezihifadhi.

Kuna kasoro ambayo haiko kwenye kitambaa wala kwenye gundi. Kifurushi ni kimoja kwa kambi zote. Kijana anayekwenda Bulombora, kando ya Ziwa Tanganyika, anauziwa mfuko uleule anaouziwa anayekwenda Mafinga, ambako asubuhi ya Juni inauma mpaka mifupani. Nilimtajia muuzaji kambi kabla ya kulipa, naye akanihakikishia kwamba traksuti inatosha. Traksuti yenyewe ni nyembamba, na upepo unapita humo kama unavyopita kwenye wavu. Binti alilala amevaa fulana mbili na traksuti kwa juu hadi mjomba wake wa Iringa alipompelekea sweta. Neno moja tu la muuzaji, "huko ni baridi, ongeza sweta", lingetosha, na sweta zilikuwa zimetundikwa nyuma yake.

Nilirudi dukani na zile raba. Sikudai fedha zangu, nilitaka tu waone. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu, akaniita mzee, akanivutia kiti, kisha akaniambia, "Mzee wangu, hizi ni za kuripotia. Kule wakishafika wananunua nyingine." Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia mteja maneno hayo mwezi Mei. Akatabasamu, akamgeukia mteja mwingine. Kwa haki niongeze kwamba huduma yao ya siku ya kununua ilikuwa ya haraka, vipimo vya bukta na raba vilikuwa sahihi, risiti nilipewa, na bei haikupandishwa nilipokuwa nimesimama pale, kama walivyofanya majirani zao wawili.

Kwa jumla nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za shuka na upimaji. Mdogo wake binti yangu yuko kidato cha tano. Zamu yake ikifika nitanunua shuka dukani kwao, bukta nitampelekea fundi wangu wa Buguruni azishone kwa mpira mpana na ovaloki, na raba nitatafuta zilizoshonwa soli pande zote, hata kama rangi yake itabidi niizungukie Kariakoo siku nzima. Traksuti nitaamua nikishaona amepangiwa kambi gani.