Duka la skani mjini Lubumbashi: kazi safi, daftari wazi

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu. Wenyewe wengi wako Ulaya, wengine Kinshasa. Mimi ndiye ninayepokea kodi, ninayemtafuta fundi bomba likivuja, na ninayetunza karatasi. Na karatasi za nyumba si mchezo: sertifika ya usajili (hati ya umiliki wa nyumba au kiwanja), mkataba wa upangaji, nakala ya kadi ya uchaguzi ya mpangaji, risiti za garanti (pesa ya dhamana anayoweka mpangaji), barua za mwenye nyumba. Nilipoamua kuziingiza zote kwenye kompyuta, sikuanza na kuuliza bei. Nilitaka kujua nikishaondoka kitabaki nini kwenye mashine yao.

Anayezijua sekretaria zetu za mtaani, yaani viduka vya kuchapa na kutoa kopi, ananielewa. Unaingia, kijana anakwambia, "Mama, tuma tu ku WhatsApp ya biro, namba iko hapa ku ukuta." Unatuma, anaprinti, unalipa, unaenda zako. Sertifika ya watu imebaki kwenye simu ya biro. Chini yake kuna diploma ya mwingine, chini tena kadi ya uchaguzi ya msichana aliyekutangulia, na skrini imewaelekea wateja wote. Kadi hiyo ina picha, tarehe ya kuzaliwa na anwani, na kwa kuwa miaka mingi hatukuwa na kitambulisho cha taifa, ndiyo tunayoonyesha kila mahali. Tapeli akipata nakala ya kadi ya mwenye kiwanja pamoja na nakala ya sertifika yake, ana vya kutosha kumpumbaza mnunuzi mwenye haraka. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si habari mpya kwetu.

Duka ninalolisifu hapa ni chumba kimoja chenye meza mbili, nyuma ya wauza vipuri vya simu, ukitokea Kamalondo kuingia mjini. Mikataba na risiti wanazipitisha kwenye skana ndogo ya kuvuta karatasi. Niliuliza kama ina kumbukumbu yake, maana mashine nyingi kubwa za fotokopi za maofisini zina diski ndani, na ulichotoa kopi kinaweza kubaki humo hata mashine ikiuzwa. Hii haina. Nilipenda kwamba kijana hakushangaa swali.

Sertifika hawaivuti. Wanailaza kwenye kioo cha skana nyingine, maana zile za zamani zimekunjwa mpaka kwenye mikunjo pametoboka. Niliyompa ilikuwa ya nyumba ya mtaa wa Makomeno, imekaa kwenye bahasha tangu enzi za Zaire. Aliinyoosha kwa ubavu wa kiganja, polepole, akaweka karatasi nyeusi mgongoni ili muhuri wa upande wa pili usijitokeze. Mara ya kwanza namba ya folio, yaani ya ukurasa wa kitabu cha usajili, ilitoka na ukungu. Alirudia bila kuambiwa. Ya pili, volumu (namba ya kitabu chenyewe) na folio zikasomeka kama zimeandikwa jana. Kwa anayefanya kazi yangu, namba hizo mbili ndizo hati yenyewe, kwa sababu kwa sheria ya ardhi ya 1973 sertifika hutengenezwa mara mbili: moja inakaa kwenye kitabu cha usajili, nyingine anapewa mwenye haki. Mwenye nyumba akinipigia usiku kutoka Liège akitaka folio, sifungui tena sanduku la chuma.

Majina ya faili tulipanga pamoja: komyuni (wilaya ya mji), barabara, namba, aina ya karatasi, mwaka. Jina la mtu halimo. Orodha ya nani ni nani iko kwenye daftari langu, nyumbani.

Kazi ilipoisha alihamishia kila kitu kwenye flashi yangu, akafungua folda mbele yangu, akafuta, kisha akamwaga na kapu la takataka la kompyuta. "Angalia mwenyewe, mama." Nilimwambia kwamba fundi mwenye programu zake anaweza kufufua faili zilizofutwa hivyo. Akakubali, ila diski nzima imefungwa kwa nenosiri. Mwizi akiibeba kompyuta, hasomi kitu. Jibu hilo linanitosha kwa duka la ukubwa huo.

Wana pia mashine ya kukatakata karatasi zisisomeke tena, bure kwa mteja. Hapo ndipo nilipomaliza rundo la kadi za watu waliowahi kuomba nyumba wasiipate. Sheria yetu ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, wala zisikae kuliko inavyohitajika. Makomisioneri wenzangu, yaani madalali wa nyumba, nyumba ikishachukuliwa na mmoja, kadi za wale wengine mnazitunzia nini kwenye simu?

Sasa lawama. Pale mlangoni kuna daftari la wateja, limefunguka, kalamu imefungwa kwa uzi. Unaandika jina, simu, na aina ya hati uliyoleta. Aina ya hati! Nikiwa kwenye foleni nilisoma mistari yote ya asubuhi ile: nani kaleta sertifika, nani kaleta hukumu ya talaka. Mtu anafuta faili kwa uangalifu wote ule, halafu anaiacha orodha ya wenye viwanja mezani kama menyu. Nilimweleza mwenye duka; alicheka, akaligeuza daftari kifudifudi. Mimi niliandika "karatasi" tu.

Pili, faili wanazifunga kwa nenosiri, vizuri, lakini wanalitunga wao kwa namba ya nyumba na mwaka. Ukijua la mteja mmoja umeyajua ya wote. Waombe uandike lako mwenyewe, watakubali.

Bei ni franka 300 kwa ukurasa, 1,000 kwa sertifika. Ghali kuliko mtaani, na silalamiki. Umeme ukikatika kazi inasimama, jenereta hawana. Wakikuomba uache hati mpaka jioni kwa ajili ya foleni, beba hati yako urudi kesho yake. Saa mbili asubuhi wanafungua, na kwa kawaida hakuna mtu.