Mkanda wa ngozi wa kunyanyulia vyuma: upi unafaa jimu ya nyumbani Mtwara

Kwa anayepiga chuma uani kwake Shangani, Chikongola au Mikindani, mkanda wa kununua ni wa ngozi halisi ya ng'ombe, unene milimita 10, upana sentimita 10 kuanzia mgongoni hadi tumboni, na bizimu la ulimi mmoja. Aina nyingine zina watu wake. Lakini kwa tizi la nyumbani, na kwa hewa ya chumvi tuliyo nayo huku, hakuna unaoufikia huo kwa kudumu na kwa urahisi wa kutengenezeka.

Wengi hudhani mkanda unashika mgongo. Kazi yake hasa iko tumboni. Ukivuta pumzi ukaishusha chini na kuizuia, tumbo linasukuma ngozi, ngozi inakataa, na shinikizo ndani ya tumbo linapanda. Shinikizo hilo ndilo linaloufanya uti wa mgongo usimame imara uzito ukiwa mabegani au mikononi. Kwa hiyo mbele ya mkanda panahitajika upana uleule wa nyuma. Ile mikanda iliyo mipana mgongoni na kuchongoka kuelekea tumboni huwafaa wanaonyanyua kwa mtindo wa Olimpiki, kwa sababu wanachuchumaa chini kabisa na mkanda mpana mbele ungewabana kati ya mbavu na mapaja. Kwa skwoti ya kawaida (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini hadi kusimama wima) inakunyima sehemu ya kusukumia. Ikiwa imejazwa sponji ndani ni mbaya zaidi, maana sponji linabonyea pale unapotaka kitu kigumu. Hata sheria za IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti (mashindano ya skwoti, benchi na dedilifti), zinaruhusu upana usiozidi sentimita 10 na unene usiozidi milimita 13, na zinakataza sponji.

Mikanda ya nailoni ya kubandika kwa velkro tuiache. Velkro ikishaingia vumbi na jasho hufunguka ukiwa chini na chuma mgongoni.

Swali la milimita 10 au 13 linawasumbua watu bure. Piga hesabu ya vyuma ulivyonavyo. Jimu nyingi za nyumbani huku ni bomba la chuma na makopo ya zege. Mita moja ya ujazo ya zege ina kama kilo 2,400, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 lililojaa lina kilo 9 hadi 10, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48. Ndoo mbili na bomba lake ni kama kilo 100 na ushei. Kwa uzito huo, na hata ukiuzidisha mara mbili, milimita 10 inatosha kabisa. Mkanda wa milimita 13 ni mgumu kama ubao, huchukua miezi kulainika, na kwa mwenye kiwiliwili kifupi unaacha michubuko mbavuni na kwenye mifupa ya nyonga. Kama kiwiliwili chako ni kifupi kweli, tafuta upana wa sentimita 7.5 badala ya kuvumilia maumivu.

Mikanda ya leva, yaani yenye kishikizo cha chuma cha kubana badala ya bizimu la ulimi, inafungwa na kufunguliwa kwa mkono mmoja, na hilo ni raha. Tatizo ni kwamba kwa mingi, kubadili kipimo kunataka bisibisi na kuhamisha skrubu. Kiuno cha asubuhi kabla ya kula si kiuno cha jioni baada ya ugali. Mkanda wa kampuni ya SBD ya Uingereza una leva inayosogezwa bila bisibisi, nayo ni kazi nzuri, ila ikivunjika utaagiza kipuri mbali. Ndimi mbili kwenye bizimu haziongezi nguvu yoyote ya maana. Zinaongeza tu taabu ya kulenga matundu mawili huku mikono ina jasho.

Sasa ukaguzi, na hapa ndipo pesa hupotea. Usiangalie uso wa mkanda, angalia ukingo wake na ndani ya matundu. Ngozi halisi iliyokatwa inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, rangi ikikaribiana toka juu hadi chini. Ukiona tabaka jembamba juu, tabaka jembamba chini, na katikati kitu cha kijivu au cheusi kisicho na nyuzi, hiyo ni boksi au mpira uliofunikwa ngozi. Milimita 10 zinatimia kwa kipimo, lakini jasho likiingia kupitia matundu, boksi linavimba na gundi inaachia. Ukingo ukiwa umepakwa rangi nene, chungulia tundu, kwani huko rangi haifiki. Kunja mkanda kwa nguvu mbele ya muuzaji: ukisikia mlio wa karatasi kuvunjika, rudisha. Reksini, yaani ngozi bandia, utaijua kwa harufu ya plastiki na kwa mikunjo inayobaki kama mistari mikali.

Ngozi mbili nene zilizogundishwa si kosa, mikanda mingi mizuri imetengenezwa hivyo. Kinachoishikilia ni mshono. Tafuta mistari minne au zaidi ya uzi wa nailoni, hatua sawasawa, bila ncha zinazoning'inia. Kisha geukia pale ngozi inapojikunja kulishika bizimu. Hapo ndipo mkanda mbovu hukatikia, kwa sababu nguvu zote zinaishia kwenye mkunjo mmoja. Ribiti zisipungue nne, ziwe zimekaa bapa na zisicheze. Bizimu lenye rola linapunguza kusuguana kwa ngozi kila unapovuta. Lililopakwa tu rangi ya kung'aa litaanza kutu mapema huku pwani, hasa kwenye maungio ya ulimi, kwa hiyo chuma kisichoshika kutu kina thamani ya kuongezea pesa.

Kipimo usikitoe kwenye suruali. Suruali hukaa chini ya kitovu, mkanda huu hukaa kitovuni. Chukua futi ya fundi cherehani, simama bila kubana tumbo, vaa nguo ya mazoezi, zungusha usawa wa kitovu. Kisha muulize muuzaji umbali kutoka kwenye ulimi wa bizimu hadi tundu la kwanza na la mwisho, kwa sababu "M" ya huyu ni "L" ya yule. Kipimo chako kiangukie katikati ya matundu. Mwenye sentimita 86, kwa mfano, anafaa mkanda wenye tundu la kwanza kwenye 76 na la mwisho kwenye 96. Hili lifanywe kwa makini hasa kama mzigo unatoka Kariakoo kwa basi. Ni zaidi ya kilomita 500 hadi stendi ya Mkanaledi, na kurudisha kisichokutosha ni nauli juu ya nauli.

Mkanda mpya uviringishe kama mkeka, uso ndani, kisha uso nje, mara ishirini au thelathini kila upande, siku kadhaa mfululizo. Uvae kwenye seti nyepesi kwanza. Usiuloweke, usiuanike juu ya bati, na tafadhali usiupake mafuta ya nazi. Mafuta yanapenya, ngozi inalegea moja kwa moja, mwishowe yananuka na kuita kuvu. Kiwi isiyo na rangi, kidogo, upande wa nje tu, inatosha mara mbili kwa mwaka.

Adui mkubwa wa mkanda huku ni unyevu, hasa kuanzia Desemba mvua zinapoanza hadi Aprili. Mkanda uliofungiwa kwenye begi na jasho lake utaota ukungu mweupe haraka. Kila ukimaliza, ufute kwa kitambaa kikavu, uning'inize kwa bizimu kwenye msumari, mbali na ukuta, mahali penye upepo na kivuli. Ukungu ukishaota, usugue kwa brashi kavu nje ya nyumba, kisha pitisha kitambaa kilichonyevuka siki na maji nusu kwa nusu, uuache ukauke kivulini. Mkanda wa swedi, yaani ngozi yenye vinyweleo laini juu, unashika vizuri kwenye fulana yenye jasho, lakini unanyonya unyevu zaidi na unataka brashi mara kwa mara. Kwa Mtwara na Lindi ngozi laini ya kung'aa ina shida chache.

Kuutumia: uweke juu ya mfupa wa nyonga, na kwa dedilifti panda nao kidogo ili usikuchome mbavu ukiinama. Ufunge kiasi kwamba kiganja kilicholala kinaweza kupenya kwa shida. Vuta pumzi tumboni na ubavuni, sukuma mkanda pande zote, shuka, panda, toa pumzi ukishapita pale pagumu. Ukibana hadi huwezi kujaza pumzi, umeondoa faida yake yote. Seti za kupasha mwili fanya bila mkanda, uuvae ukifika karibu asilimia 80 ya uzito wako wa juu kabisa. Mwenye presha ya kupanda au ngiri amwone daktari kwanza, kwani kuzuia pumzi namna hii kunapandisha presha kwa ghafla. Na mgongo unaouma hautibiwi kwa mkanda.

Faida ya mwisho ya ulimi mmoja ni fundi viatu. Ukipungua mwili, anatoboa tundu jipya kwa patasi ya duara, katikati ya upana, akiacha sentimita 2.5 kutoka tundu lililotangulia. Matundu yakikaribiana zaidi ya hapo, na ngozi ikawa dhaifu, ulimi utayaunganisha kuwa mpasuko mmoja. Ribiti iliyolegea na mshono uliofumuka pia ni kazi yake, mradi umwambie atumie uzi wa nailoni uliopakwa nta na apite kwenye matundu yaleyale ya zamani, asitoboe mapya pembeni.