Uzoefu wangu: kununua nyumba kwa City of Lakes Community Land Trust, Minneapolis

Wakenya wenzangu hapa Minnesota wananiuliza sana kuhusu hii nyumba, wengine wanadhani ni ya serikali ama nimepanga tu, so wacha nieleze. Nyumba ni yangu, hati iko na jina langu, mkopo wa benki nalipa mimi na bomba ikipasuka fundi namtafuta mimi. Ardhi ndio ya trasti, yaani shirika lisilo la faida linaloshika ardhi kwa niaba ya jamii. Unapewa mkataba wa miaka 99 na kila mwezi unalipa ada kidogo ya hiyo ardhi, na kwa vile trasti imebeba sehemu ya bei, mtu wa shifti za usiku kwa nyumba ya wazee kama mimi anaweza kufikia.

Mama kule Voi alikataa kabisa, ati nyumba bila ploti ni nini sasa, mpaka nikamkumbusha Tanzania-Bondeni, mtaa wa hapo hapo Voi, vile miaka ya 90 watu walikubaliana ardhi ibaki ya jamii ndio mabwenyenye wasije kuwanunua mmoja mmoja. Akauliza tu kama watoto watarithi. Wanarithi.

Penye ubishi ni hapa. Ukiuza unapata ile pesa umeshalipa kwa mkopo pamoja na robo ya bei iliyopanda, yaani ikipanda dola 40,000 wewe unabeba 10,000, ile ingine inabaki ndani ya nyumba ndio mwenye anakuja nyuma yako pia apate kwa bei anaweza. Kuna wenye wameniambia nimeibiwa. Mimi naona ni haki, na naomba msome historia ya huu mji. Kuanzia 1910 hati za nyumba nyingi Minneapolis ziliwekwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asiishi hapo, mpaka sheria ya nchi nzima ya 1968 ikazipiga marufuku, na miaka hiyo yote familia za wazungu zinajijengea mali ya kuachia watoto. Mweusi aliyefungiwa nje angetoa wapi dipoziti ya kumpa kijana wake? Na hii njia yenyewe ilianzishwa na watu weusi kule Georgia 1969, kina Charles na Shirley Sherrod na shamba lao la New Communities, wakati wakulima weusi walikuwa wanafukuzwa kwa mashamba ya watu wengine walikokuwa wanalima, kwa sababu ya kudai haki ya kupiga kura. Hiyo robo tatu naiacha na roho safi, ndio familia zilizofungiwa nje nazo zipate mlango.

Kama mpango wako ni kununua halafu ukodishe watu wewe uhamie kwingine, hapa si pako, lazima uishi ndani. Mapato pia yasizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Na kabla ya kusaini kaa na wakili, mwambie akusomee pole pole kile kipengele cha kuuza, hesabu mfanye pamoja kwa karatasi.