HABS: uzoefu wangu na michoro ya nyumba za kale za Marekani

Kwa anayechora majengo, anayefundisha ujenzi au anayefuatilia koo zilizojenga nyumba kubwa za Marekani, mkusanyiko wa HABS, yaani Historic American Buildings Survey, ni hazina, tena ya bure. Nimeutumia kwa kazi za michoro na kwa kutafuta habari za familia. Michoro naipa nyota 5, picha 4, na kurasa za historia 3, hasa zile za miaka ya mwanzo. Sababu ni moja: aliyeshika futi alipima ukuta uliokuwa mbele yake, lakini aliyeandika historia mara nyingi aliandika alichoambiwa na wenye nyumba.

HABS ni mpango wa serikali ya Marekani wa kupima na kupiga picha majengo ya kihistoria. Ulianza mwishoni mwa 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, baada ya Charles E. Peterson wa Idara ya Hifadhi za Taifa kupendekeza wasanifu majengo waliokosa kazi waajiriwe kupima nyumba za kale kabla hazijabomolewa. Nyaraka zote zinatunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, na nyingi zimewekwa kwenye tovuti yake. Ukijumlisha na mipango miwili dada, wa viwanda na madaraja na ule wa bustani na mandhari, maeneo yaliyoandikwa ni zaidi ya 40,000. Hakuna kujisajili wala kulipia, na kazi zilizofanywa na watumishi wa serikali hazina zuio la hakimiliki. Picha iliyonakiliwa kutoka kwa mtu binafsi ndiyo ya kusoma masharti yake kwanza.

Kutafuta kuna mazoea yake. Jina unalolijua wewe huenda silo lililoandikwa kwenye faili. Nyumba moja inaweza kuitwa kwa jina la mjenzi, la mmiliki wa mwisho au la shamba. Shamba la Melrose la Louisiana, kwa mfano, linajulikana pia kama Yucca. Mimi huanza na jina la kaunti na jimbo, kisha napunguza orodha. Kwenye namba ya faili, herufi za mwanzo ni jimbo, inafuata namba ya kaunti, halafu kifupi cha mji. Ukiona V baada ya kifupi cha mji, maana yake nyumba iko nje ya mji huo, jirani yake. Nyumba nyingi za mashambani ziko hivyo, na anayezitafuta kwa mtaa na namba ya nyumba hazipati.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni la tarehe. Ukurasa wa nyumba huonyesha kwamba nyaraka zilikusanywa baada ya 1933. Huo si mwaka wa nyumba wala wa picha, ni mwaka tu ambao mpango ulianza. Nimeona watu wakiandika "picha ya 1933" chini ya picha iliyopigwa miongo mingi baadaye. Tarehe ya kweli iko kwenye ukurasa wa maelezo ya picha, au kwenye kisanduku cha jina chini ya mchoro, mahali penye majina ya waliopima na waliochora.

Tukija kwenye michoro yenyewe, kila karatasi inapatikana kama faili ya aina mbili: JPEG ndogo na TIFF kubwa. JPEG inatosha kuchagua karatasi unayoitaka. Kwa kusoma vipimo chukua TIFF, na ichukue ukiwa kwenye waifai, maana nyumba yenye karatasi nyingi na picha kadhaa itakumalizia bando la simu. TIFF nyingi za michoro ni za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, bila kijivu katikati. Ukiipunguza moja kwa moja, mistari myembamba inakatika na mistari ya kivuli inaungana kuwa doa jeusi. Ibadilishe kwanza iwe ya kijivu, ndipo uipunguze. Ni hatua ya sekunde chache, na ndiyo inayookoa fremu za madirisha na nakshi za mbao.

Uchapaji ndio unaoharibu kazi za watu wengi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Karatasi za HABS si za mfumo wa A. Utakutana na inchi 19 kwa 24, inchi 24 kwa 36, na inchi 34 kwa 44. Ile ya 24 kwa 36 ni milimita 610 kwa 914, wakati A1 ni milimita 594 kwa 841. Ukimpa mtu wa steshenari aichape kwenye A1, mashine itaibana ienee, na mchoro utapungua kwa karibu asilimia 8. Ukuta wa mita 10 utausoma mita 9.2, na hutashtuka, kwa sababu kila kitu kimepungua kwa pamoja. Kosa la pili ni rula. Skeli ya kawaida ya ramani ya sakafu ni robo inchi kwa futi moja, yaani 1:48. Rula ya 1:50 inaonekana kama itafaa, lakini inaongeza asilimia 4 kwa kila kipimo. Dawa ya makosa yote mawili ni kuachana na rula na kufuata mstari wa skeli uliochorwa kwenye karatasi yenyewe, kwa kuwa unapungua sawasawa na mchoro. Penye kipimo kilichoandikwa kwa namba, namba ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Namba nazo zinataka utulivu. Chukua kipimo cha futi 18 na inchi 7½. Zidisha 18 kwa 30.48 upate sentimita 548.64, zidisha 7.5 kwa 2.54 upate 19.05, jumla ni sentimita 567.69. Anayeandika 18.75 kwenye kikokotoo kwa kudhani ni kitu kilekile anapata 571.5, karibu sentimita 4 zaidi. Kwenye chumba kimoja haionekani. Kwenye msururu wa vyumba vitano, ukuta wa mwisho unatoka nje ya msingi. Alama ya nusu kwenye michoro ya miaka ya 1930 ni ndogo sana, imeandikwa kwa wino na mkono wa mtu, na ikikaribiana na mstari wa kipimo inafanana na doa. Mimi hujumlisha vipimo vyote vya msururu na kulinganisha na kipimo cha jumla kilicho juu yake. Zikipishana kwa nusu inchi, natafuta hiyo alama kabla ya kulaumu mchoraji.

Unapoingiza mchoro kwenye programu ya kuchorea, panga skeli kwa kipimo kirefu kuliko vyote cha mlalo, kisha hakiki kwa kipimo cha wima kwenye mkato, ule mchoro unaoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa toka juu hadi chini. Karatasi ya zamani hunyauka na kutanuka, na pande mbili hazifanyi hivyo kwa kiasi kimoja. Usinyooshe pembe za vyumba ziwe nyuzi 90 kamili. Nyumba ya karne ya 18 ina pembe zilizopinda, na mpimaji mzuri amezichora hivyo kwa makusudi.

Picha zimepigwa kwa kamera za negativu kubwa, na lenzi hurekebishwa ili kuta zisimame wima. Nyingine zina fimbo ya vipimo iliyosimamishwa ukutani. Fimbo hiyo inakupa kipimo cha ukuta iliouegemea tu. Dohani iliyo mita kadhaa nyuma yake huwezi kuipimia kwa fimbo hiyo, na hapo ndipo wengi hukosea urefu wa paa.

Sasa familia. Kurasa za maelezo zina mpangilio unaoeleweka: tarehe ya ujenzi, msanifu, fundi, orodha ya wamiliki kwa mfululizo, kisha maelezo ya jengo na vyanzo. Soma vyanzo kwanza. Ukikuta kimeandikwa kitabu cha hati za ardhi chenye namba na ukurasa, endelea kwa imani. Ukikuta ni masimulizi ya ukoo peke yake, andika kwa penseli, ili uweze kufuta.

Westover, kando ya Mto James huko Virginia, ndiyo mfano wangu wa kwanza kila ninapofundisha jambo hili. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa William Byrd II aliijenga karibu na 1730, na vitabu vikarithishana tarehe hiyo. Uchunguzi wa pete za mti, yaani miduara ya ukuaji wa kila mwaka, kwenye mbao za jengo ulionyesha kuwa nyumba inayosimama leo ni ya karibu 1750. Byrd II alifariki 1744. Mjenzi basi ni mwanawe, William Byrd III. Matofali ni yaleyale na vipimo vya HABS vinabaki sahihi, ila mwenye nyumba amebadilika.

Drayton Hall, nje ya Charleston, South Carolina, nayo ilikuwa ikitajwa kwa 1738, mwaka ambao John Drayton alinunua ardhi. Boriti za darini zikaja kuonyesha kuwa miti yake ilikatwa majira ya baridi ya 1747–48. Kununua ardhi si kuezeka. Nyumba hiyo ilikaa mikononi mwa vizazi saba vya ukoo huo hadi 1974, na mpaka leo haijawekewa umeme wala mabomba. Ndiyo maana michoro yake ni ya thamani kwa mwanafunzi: anachokiona kwenye mkato ni kazi ya karne ya 18 bila mifereji ya nyaya. Jihadhari na kitu kimoja. Mchoro wa jengo kuu pekee unakuonyesha nyumba iliyosimama upweke, lakini awali ilikuwa na majengo mawili ya pembeni. Moja liliangushwa na tetemeko la 1886 na jingine na kimbunga cha 1893.

Pete za mti zina masharti yake. Tarehe ni ya kuaminika pale ukingo wa gome ulipobaki kwenye boriti, kwa sababu pete ya mwisho ndiyo mwaka mti ulipokatwa. Mafundi wa zamani walitumia mbao mbichi, hivyo ujenzi ulifuata muda mfupi baadaye. Boriti iliyotolewa kwenye jengo la zamani zaidi itakudanganya, kwa hiyo huchukuliwa sampuli kadhaa. Nyumba ya Fairbanks huko Dedham, Massachusetts, ilipimwa hivyo na kupata kati ya 1637 na 1641. Ndiyo nyumba ya kale kuliko zote za fremu ya mbao zinazosimama Marekani Kaskazini.

Melrose, kwenye Mto Cane, inataka uangalifu wa namna nyingine. Simulizi maarufu husema Marie Thérèse Coincoin, aliyezaliwa utumwani 1742 kisha akapata uhuru, ndiye aliyejenga nyumba ya Yucca, moja ya majengo ya shamba hilo. Hati zinaonyesha ardhi ilikuwa ya mwanawe, Louis Metoyer. Jengo la jirani linaloitwa Nyumba ya Kiafrika, lenye chini ya matofali, juu ya magogo yaliyochongwa, na paa lililotokeza mbali kama mwavuli, limeelezwa miaka mingi kuwa ni usanifu wa Afrika, ilhali watafiti wameonyesha ufanano wake na majengo ya Kifaransa. Heshima ya mama huyo haipungui kwa kusahihisha hati. Yeye ndiye shina la ukoo wa Metoyer, watu weusi huru walioendesha mashamba makubwa, na ni kweli pia kwamba wao wenyewe walimiliki watumwa.

Hapa ndipo kurasa za zamani zinaponisikitisha. Zinasema "ilijengwa na" zikimaanisha aliyelipa. Monticello, nyumba ya rais Thomas Jefferson, imejaa kazi ya seremala John Hemmings, aliyekuwa mtumwa, akifanya kazi na fundi wa Kiayalandi James Dinsmore. Mikono hiyo huioni kwenye mchoro hata ukuze mara mia. Ukitaka kuipata, anza na wosia na orodha za mirathi kwenye mahakama ya kaunti, kwa kuwa watu waliandikwa humo kwa majina pamoja na vyombo vya nyumba. Sensa ya 1850 na ya 1860 zina orodha za watumwa zenye umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, karibu zote bila majina yao. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Linganisha umri kati ya orodha hizo, uongeze miaka 10, na usihitimishe kwa jina la ukoo pekee, kwa sababu waliopata uhuru hawakuchukua wote jina la mmiliki wa mwisho. Orodha ya mirathi iliyoandikwa chumba kwa chumba ina faida nyingine: iweke juu ya ramani ya HABS na utaona chumba kipi kilikuwa cha kulala na kipi cha kuhifadhia.

Madaftari ya mpimaji, yale yenye vipimo vya penseli kabla ya kuchorwa, kwa kawaida hayako mtandaoni. Yapo kwenye chumba cha kusomea picha na michoro cha Maktaba ya Bunge, jengo la James Madison, na huombwa mapema kwa namba ya faili. Ukiona vipimo viwili vinavyogongana kwenye karatasi safi, jibu liko kwenye daftari hilo. Omba pia ukurasa wenye ngazi iliyochorwa kwa mkono. Ngazi ndiyo sehemu iliyopimwa kwa vipimo vingi kuliko zote, na ndiyo inayoachwa na namba chache kuliko zote kwenye mchoro wa mwisho.