Darwin's Dreampond: kitabu cha furu na sangara ambacho kila mtu wa Kanda ya Ziwa angepaswa kukisoma

Nimekimaliza juzi na bado nakitafakari. Darwin's Dreampond kimeandikwa na Tijs Goldschmidt, mwanabiolojia wa Uholanzi aliyefanya utafiti Mwanza miaka ya 80 akiwa na timu ya Chuo Kikuu cha Leiden. Kilitoka kwa Kiholanzi 1994, halafu Kiingereza 1996 kupitia MIT Press, na hiyo ya Kiingereza ndo niliyosoma mimi, nakala ya mtumba ila kurasa zote zipo. Wengine wanakichanganya na Darwin's Nightmare, ile filamu ya 2004 ya Hubert Sauper, ile iliyomkasirisha Kikwete, Rais wa wakati huo, mpaka akaisema hadharani, kwa sababu majina yanafanana. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Filamu inahusu viwanda na umaskini wa mjini, kitabu kinahusu samaki wenyewe, na kinakupeleka kwenye siasa taratibu mpaka unashtuka umeshafika.

Kinaanza na furu. Sisi wengi tunamjua furu kama kasamaki kadogo ka miiba ambako watoto wanavua kwa ndoano pembeni ya ziwa, hakana thamani, unakapata ukikosa sato. Kumbe ndani ya Ziwa Victoria kulikuwa na spishi za furu zaidi ya 500 na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani! Kuna wanaoponda konokono, kuna wanaokula magamba ya samaki wenzao, kuna wanaochuja vijidudu majini, halafu kuna wale walionimaliza kabisa: furu mama anatunza mayai na watoto mdomoni, sasa kuna furu wengine kazi yao ni kumgonga mama mdomoni mpaka ateme watoto, wanawameza hapohapo. Goldschmidt anaeleza uteuzi asilia (viumbe wanaoendana na mazingira ndo wanaobaki na kuzaana) kwa kutumia hawa samaki na kwa mara ya kwanza nimeelewa kitu ambacho sekondari nilikikariri tu ili nifaulu mtihani. Ukiongezea kwamba wanasayansi wanasema ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, maana yake spishi zote hizo zimejigawa kwa muda ambao kwa biolojia ni mfupi mno, ndo maana watu walikuwa wanatoka Ulaya kuja kukaa Mwanza kumchungulia furu meno.

Halafu anaingia sangara.

Hapa ndo kitabu kinakuwa cha siasa. Miaka ya 50, wakati wa ukoloni, maofisa wa uvuvi upande wa Uganda walitaka samaki mkubwa ziwani, wakubwa wapate wa kuvua kama mchezo na pia awageuze furu "wasio na faida" kuwa minofu. Wanasayansi wa uvuvi walipinga. Geoffrey Fryer aliandika wazi mwaka 1960 kwamba kuingiza mla-nyama mkubwa hivyo ni hatari na hata kiuchumi haina mantiki, maana kila kilo ya sangara inakula kilo nyingi za samaki wengine. Hawakumsikiliza. Sangara kutoka Ziwa Albert alikuwa ameshatiwa majini kimyakimya tangu katikati ya miaka ya 50, na 1962 na 1963 wakaongezwa rasmi. Miaka ikapita kama vile hakuna kitu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 sangara akalipuka kila kona, na furu ambao walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki ziwani wakapotea kwenye nyavu ndani ya miaka michache tu. Yani hawa watafiti walikuja kusoma samaki na wakajikuta wanahesabu wanaokufa. Inakadiriwa spishi kama 200 zimekwenda, nyingine hazikuwa hata na jina la kisayansi.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba hakuna mtu anayerahisishiwa, wala mwanasayansi. Maana ukweli mwingine ni kwamba samaki waliovuliwa waliongezeka sana baada ya sangara, viwanda vya minofu vikaja Mwanza miaka ya 90, watu wakajenga nyumba, wakasomesha watoto, na mpaka leo bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, linauzwa bei kuliko nyama yenyewe. Lakini minofu ikipanda ndege, mtaani tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Pia sangara ana mafuta mengi, huwezi kumwanika juani kama dagaa, inabidi umkaushe kwa moto, kwa hiyo miti ya visiwani na pembezoni mwa ziwa ikaingia kwenye hesabu. Uamuzi wa ofisini Entebbe, Uganda, unaishia kwenye kuni za mama anayekausha samaki mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki! Huo mnyororo sijawahi kuuona umeunganishwa vizuri hivi.

Mapungufu yapo. Katikati kuna kurasa nyingi za nadharia ya jinsi spishi zinavyozaliwa, ukiwa huna msingi wa biolojia utachoka, mi nilizirudia na nyingine bado hazijakaa vizuri. Wavuvi wamo lakini tunawaona kwa macho ya mgeni, nilitamani niwasikie wazee waliovua kabla ya sangara wakieleza wenyewe kwa urefu. Na kitabu ni cha zamani sasa, habari ya maji kuchafuka kwa mbolea na udongo wa mashambani haijafika mbali, mfano utafiti wa Ole Seehausen na wenzake wa 1997 ulionesha kwamba maji yakiwa machafu furu jike anashindwa kutofautisha rangi za madume, spishi zinachanganyika na kupotea hata bila sangara kuwala. Huo itabidi uutafute pembeni.

Nakipa nyota nne na nusu kati ya tano. Mwalimu wa biolojia akinunue hata kwa kuchangishana na wenzake, sehemu za furu unaweza kufundishia mageuzi bila kutaja wale ndege wa Darwin wa visiwa vya Galapagos kabisa, samaki wa mfano wako mtoni na mwaloni hapo jirani. Diwani au ofisa uvuvi anayekimbizana na makokoro (nyavu haramu za kukokota) na sangara wa chini ya sentimita 50 asome zile sehemu za sangara kuletwa, taratibu, na kalamu mkononi. Kwa Kiswahili sijakiona popote, na kama kuna mchapishaji yeyote anaweza kuongea na wenye haki zake naomba sana alifanye hilo, nakala za kwanza zianzie Mwanza, Musoma na Bukoba.